Makaratasi ya marehemu: tuyachome, tuyafiche au tuyaweke?

KATIKA nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar, na hata mashamba kuanzia Bububu hadi Makunduchi, liko kasha ambalo halifunguliwi. Ndani yake mna barua zilizokuja kutoka Mombasa, Muscat au Dubai, hati ya nyumba, talaka iliyoandikwa na kadhi, daftari la madeni ya duka, picha, na pengine khati za Kiarabu ambazo hakuna tena ndani ya nyumba anayejua kuzisoma. Mwenyewe anapofariki, matanga yakishaisha, watoto hukaa na kuulizana: haya makaratasi tuyafanye nini? Mmoja husema yachomwe, kwani baba hakupenda mambo yake yajulikane. Wa pili husema yarudishwe pale pale yalipokuwa. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye aliyesoma zaidi, husema yapelekwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani wapate kuyaona watafiti.

Kwa kawaida jambo hili huamuliwa kwa haraka, na anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Nyumba, shamba na dhahabu hugaiwa kwa hesabu ya mirathi, na sheikh huitwa ili asidhulumiwe mtu. Makaratasi hayaitiwi mtu. Hudhaniwa kuwa hayana hukumu, kwa kuwa hayana bei. Makala hii inataka kusema kuwa yana hukumu, na kwamba hukumu hiyo haitokani na aibu ya warithi wala haitokani na hamu ya watafiti. Inatokana na suali moja: ndani ya karatasi hii mna haki ya nani?

Kwanza tutazame kilichopo. Nyaraka za Zanzibar zilianzishwa mwaka 1956, na jengo lake liko Kilimani, nje kidogo ya Mji Mkongwe. Humo mna barua za Masultani na za mabalozi, mafaili ya serikali ya Kiingereza, kumbukumbu za mahakama, za mirathi na za wakfu, na miswada ya Kiarabu ambayo UNESCO iliitia katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia mwaka 2003. Watu wakisikia neno nyaraka hudhani ni mambo ya wakubwa tu. Lakini faili la mirathi ni la mchuuzi aliyefariki akaacha kitanda, sufuria na deni. Faili la mahakama ni la mwanamke aliyekwenda kumshitaki mumewe kuwa hampi matumizi. Watu hawa walizungumza na kadhi wao. Hawakuzungumza na sisi. Hakuna aliyewauliza kama wanaridhia maneno yao yasomwe baada ya miaka mia.

Kwa hiyo suali si la wenye makasha peke yao. Ni la mwenye kutoa, la mwenye kuhifadhi na la mwenye kusoma.

Hoja ya wenye kusema yahifadhiwe

Hapana shaka Uislamu ni dini ya kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni, na aya inayofuata inakataza kuficha ushahidi na kumhesabu mfichaji kuwa ana dhambi moyoni. Ushahidi hapa si hiari ya mtu. Ni mali ya yule ambaye haki yake haitapatikana ila kwa ushahidi huo.

Tukumbuke pia vita vya Yamama, zama za Sayyidna Abubakar (R.A). Waliuawa wengi katika waliohifadhi Qur'an, na Sayyidna Umar (R.A) akaogopa kwamba yaliyomo vifuani yataondoka pamoja na wenye vifua. Abubakar alisita mwanzo, kwani lilikuwa jambo ambalo Mtume (S.A.W) hakulifanya. Kisha akaridhika, na Zayd bin Thabit akapewa kazi ya kukusanya yaliyoandikwa na yaliyohifadhiwa na watu. Qur'an haifananishwi na masimulizi ya wazee wetu, na Mwenyezi Mungu (S.W) mwenyewe ameahidi kuilinda. Lakini ikiwa kitabu chenye ahadi hiyo kilitafutiwa sababu ya kuhifadhiwa, vipi mambo yetu yasiyo na ahadi yoyote?

Hapa kwetu tunao mfano wa Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912-1982), aliyekuwa kadhi wa Zanzibar na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki ndicho kinachomwezesha kijana wa leo kujua nani alisoma kwa nani, na mafunzo ya watu kama Sayyid Ahmad bin Sumeyt (1861-1925) yalipita katika mikono ipi. Kitabu cha namna hiyo hakipatikani ila mtu akusanye makaratasi, akae na wazee na aulize. Lau angechelewa miaka ishirini, nusu ya majina yale tusingeyajua.

Vile vile Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kufariki mwaka 1950. Tunayajua maisha yake kwa maneno yaliyo karibu na yake kwa sababu Shaaban Robert alikaa naye kabla hajafa, akamsikiliza na akaandika. Wangapi wa zama zake waliondoka bila ya mtu kuja na kalamu?

Hoja ya wenye kusema yafichwe

Lakini tusiwadharau wanaosema yachomwe. Wengi wao hawasemi kwa ujinga. Wanayo hoja ya dini, na ni hoja nzito.

Surat al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupeleleza na kusengenya katika aya moja. Mtume (S.A.W) amekataza kuwatukana waliokufa, kwani wamekwishafika kwenye yale waliyoyatanguliza. Amefundisha kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Iko pia riwaya katika Sunan ya Abu Dawud inayoonya juu ya kuitazama barua ya mwenzio bila ya idhini yake. Wanavyuoni wameidhoofisha riwaya hiyo, lakini maana yake inaungwa mkono na aya ya kukataza upelelezi. Barua ni nyumba ndogo. Mwenye kuingia bila ya kubisha hodi amekosa adabu, hata kama mwenye nyumba amekwishazikwa.

Siku moja darasani, wanafunzi wakiwa wamepewa kazi ya kuwahoji wazee wao juu ya maisha ya zamani, msichana mmoja aliuliza: "Ustadh, bibi amenieleza jambo kisha akaniambia nisimwambie mtu. Nikiliandika katika daftari nimemsengenya, au nimevunja amana?" Darasa zima lilinyamaza. Suali lile lina uzito kuliko mengi yanayoulizwa katika semina za watafiti. Iko hadithi inayofundisha kwamba mtu akizungumza nawe huku akigeuka kutazama nani anasikia, mazungumzo hayo ni amana. Basi bibi aliyesema kwa ulimi wake kwamba hili ni lako wewe tu, amana yake ni kubwa zaidi. Nilimjibu kuwa asiandike, arudi kwa bibi yake amuombe ruhusa, na akikataliwa ndio basi.

Kwa hiyo pande mbili zote zina dalili. Mmoja anashika aya ya ushahidi, mwingine anashika aya ya usengenyaji. Je, Qur'an inagongana? Hasha. Tatizo ni kwamba tunayatia makaratasi yote katika fungu moja.

Mafungu matatu

Fungu la kwanza ni karatasi yenye haki ya mtu mwingine. Hati ya wakfu, daftari la deni, ugawaji wa mirathi, mkataba wa shamba, maelezo ya dhulma aliyotendewa mtu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu kwa ajili ya misikiti, jamaa na maskini, na tangu mwaka 1905 serikali ya wakati huo iliunda Kamisheni ya Wakfu kuzisimamia. Hati ya wakfu ikichomwa, au ikikaa ndani ya kasha mpaka ikaliwa na mchwa, anayepoteza ni maskini ambaye hata hajui kuwa ana haki. Fungu hili kulificha ni haramu, hata kama linawaaibisha wenye kasha. Surat an-Nisaa, aya ya 135, inaamrisha ushahidi wa haki hata juu ya nafsi zetu, wazazi na jamaa.

Fungu la pili ni karatasi ya elimu. Ijaza, mswada, daftari la darsa, barua baina ya masheikh, kumbukumbu za safari. Hapa hakuna siri ya mtu, na kuzifungia ni kuwanyima watu manufaa bila ya sababu.

Fungu la tatu ni siri tupu. Barua za mume na mke. Kosa ambalo mtu alilifanya, halikumdhuru mwingine, na akatubia. Ugonjwa aliouficha. Hapa hakuna haki ya mtu inayopotea kwa kusitiriwa, na sitara ndiyo asili. Warithi wakizichoma barua hizi hawana lawama, na watafiti hawana la kudai.

Ugumu uko pale mafungu yanapochanganyika katika ukurasa mmoja. Nitatoa mifano miwili ambayo watu wa Unguja wanaijua vizuri, ingawa hawapendi kuizungumza.

Jina la bibi katika daftari

Tarehe 6 Aprili, 1897, Sultan Hamoud bin Mohammed alitia saini amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa aende mahakamani kuuomba. Masuria hawakuingizwa katika fungu hilo mpaka amri ya mwaka 1909. Kutokana na kazi hiyo, Kilimani mna madaftari ya watu walioachwa huru, majina yao na ya mabwana zao.

Sasa mjukuu anafungua daftari na kumkuta bibi mzaa bibi yake. Je, hii ni siri ya kusitiriwa? Wengi watasema ndiyo, kwani mitaani kwetu bado yako maneno ya kumvunja mtu kwa asili yake. Mimi nasema tutofautishe. Kinachositiriwa katika dini ni dhambi, na bibi yule hakutenda dhambi. Kama mna aibu katika ukurasa ule, basi si yake yeye. Abu Dharr (R.A) alipomtia mtu aibu kwa mama yake, Mtume (S.A.W) alimwambia kuwa bado ana ujahilia. Aliyekemewa ni mwenye kutoa aibu. Mwenye mama hakuambiwa aifiche asili yake.

Kuichana karatasi ile, basi, si kumsitiri bibi. Ni kuisitiri dhulma, na ni kumfuta mwanamke ambaye pengine ile ndiyo alama pekee aliyoiacha duniani. Lakini pia anayeinakili na kwenda nayo barazani kumvunja jirani yake amefanya ujahilia ule ule. Karatasi ihifadhiwe, na ulimi uchungwe. Hayo ni mambo mawili, na la pili si sababu ya kuliacha la kwanza.

Tippu Tip, aliyefariki Mji Mkongwe mwaka 1905, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kwa kuhimizwa na Mjerumani, Heinrich Brode. Maneno yake mwenyewe leo ni ushahidi juu ya vita vyake na biashara ya pembe. Wakubwa wameandikiwa habari zao mpaka na wageni. Wanyonge wana mistari miwili katika daftari la mahakama. Tukiichoma hiyo miwili, tumebakisha sauti ya upande mmoja.

Masimulizi ya 1964

Mfano wa pili ni Mapinduzi ya Januari 12, 1964 na yaliyofuata. Kwa miaka mingi ndani ya nyumba zetu jambo hili lilizungumzwa kwa sauti ya chini, na kila nyumba na yake. Wapo waliopoteza baba, wapo waliopoteza mashamba, na wapo waliopata ardhi na heshima ambayo wazee wao hawakuipata. Kisha masimulizi yakaanza kuchapishwa. Mwaka 2003 yalitoka Köln, Ujerumani, maelezo ya Wazanzibari juu ya maisha yao kabla ya Mapinduzi na baadaye, kwa Kiswahili na Kijerumani. Mwaka 2009 G. Thomas Burgess alitoa nchini Marekani kumbukumbu za Ali Sultan Issa na Seif Sharif Hamad, watu wawili wenye misimamo mbalimbali, ndani ya jalada moja. Mwaka 2010 Harith Ghassany alitoa "Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!", kitabu kilichosimama juu ya mahojiano na walioshuhudia. Watu waliyasoma, wakakubali na wakapinga.

Je, mzee anayetaja majina ya waliomdhulumu anasengenya? Imam Nawawi amezitaja sababu sita ambazo kwazo kumtaja mtu kwa ubaya kunaruhusiwa, na ya kwanza ni ya aliyedhulumiwa kueleza dhulma yake kwa mwenye uwezo wa kumsaidia. Wanavyuoni wa hadithi nao waliwataja wapokezi kwa uongo wao na usahaulifu wao, na waliliona hilo kuwa ni nasaha kwa dini. Kwa hiyo mlango upo. Lakini mlango una kizingiti. Nawawi ameruhusu kwa haja, na kwa kadiri ya haja. Dhulma isemwe. Matusi, fununu na mambo ya chumbani hayana haja.

Na hapa elimu yetu ina jambo la kuwafunza watafiti. Waislamu walikuwa na masimulizi ya mdomo miaka elfu moja kabla ya kinasa sauti, na waliyawekea kanuni. Nani amekusimulia? Alikuwepo au alisikia? Anajulikana kwa ukweli? Mwingine anasemaje? Surat al-Hujurat, aya ya 6, imeamrisha kuthibitisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Mzee wa Ng'ambo na mzee wa Mkunazini wote wahojiwe, na kila mmoja aandikwe kwa jina la aliyemsikia na kwa tarehe. Mwenye kukusanya ushahidi wa upande wake tu hakukusanya historia. Amekusanya silaha.

Mwenye kuhifadhi naye ana wajibu

Isidhaniwe kuwa lawama ni za familia tu. Watu wanaogopa kutoa kwa sababu wako waliotoa. Wapo wazee waliomkabidhi mgeni vitabu vyao vya khati kwa ahadi ya kurejeshewa, wakangoja mpaka wakafa. Ikiwa amana hairudi, nani ataweka tena?

Dawa yake ilifanywa zamani. Kurasa alizozikusanya Zayd zilibaki kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa bintiye Hafsa (R.A). Sayyidna Uthman (R.A) alipotaka kunakili misahafu, aliziomba kwa Hafsa, akanakili, kisha akamrejeshea. Msomaji atasema kuwa Uthman aliamrisha pia maandiko mengine yachomwe. Ni kweli, lakini baada ya lililo sahihi kuandikwa na kusambazwa, na kwa shauri la watu. Mwenye kuchoma kasha la baba yake usiku hakunakili kitu na hakushauriana na mtu.

Kunakili na kurejesha leo ni rahisi kuliko wakati wowote. Katika msikiti wa Riyadha, Lamu, miswada ilipigwa picha moja moja, na asili ikabaki pale pale kwa wenyewe. Kwetu Unguja lipo jambo la kutuharakisha. Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, ilianguka mchana kweupe na watu wakafa. Ikiwa jumba lile limeanguka, kasha la mbao chini ya kitanda litasimama mpaka lini?

Na anayetoa ana haki ya kuweka masharti. Mafakihi wetu wamelipa sharti la mwenye kuweka wakfu uzito wa kufuatwa kama andiko. Basi mtu akisema barua hizi zisifunguliwe mpaka watoto wangu wafe, au majina haya yazibwe, sharti lake liandikwe na liheshimiwe. Tazameni Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akaingia Ukristo na kuishi Ujerumani. Kumbukumbu zake alizichapisha mwenyewe mwaka 1886. Lakini ziko barua zake za upweke na majuto ambazo hakuzichapisha mpaka akafariki mwaka 1924. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1993, na makaratasi yake yako Leiden, Uholanzi. Huenda angeridhia, huenda asingeridhia. Waliobaki ndio walioamua, kwa kuwa aliyezijua siri zake hayupo tena kuulizwa.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame. Hadithi ya Ibn Umar (R.A) inafundisha kuwa haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Sisi tukisikia wasia tunafikiri theluthi ya mali. Basi tuongeze mstari. Fungua kasha ungali hai. Hati zenye haki za watu zitoe leo, nakala moja ipelekwe panapohusika. Za elimu ziandikie ziende wapi, na kwa sharti gani. Za siri zichome mwenyewe kwa mkono wako, kwani wewe ndiye mwenye siri. Na wewe kijana ambaye bibi yako yu hai, kaa naye wiki hii, muulize, na muulize pia lipi liandikwe na lipi lizikwe naye. Jibu la suali hilo la pili mtoto wake hatalipata kaburini.

Wallahu a'alam.